Banda la kuku la Dar es Salaam ni mwavuli, si sanduku

Ingia bandani kwako saa nane mchana, mwezi wa pili, simama wima katikati ya kuku na unyooshe mkono juu, kiganja kikitazama bati. Usiliguse. Kiache kiganja shibiri moja chini ya bati, uhesabu taratibu hadi thelathini. Ukishindwa kufika thelathini bila kuushusha mkono, umeshajua kuku wako wanakaa chini ya nini tangu saa nne asubuhi. Sasa chuchumaa, uso uwe kwenye kimo cha kuku, uvute pumzi. Huko chini ndiko anakoishi. Wengi wetu tunakagua banda tukiwa tumesimama mlangoni, migongo yetu ikipigwa na upepo wa nje, halafu tunasema banda lipo sawa.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Banda langu la kwanza, kule Chanika, lilijengwa kama stoo: tofali mpaka juu, vidirisha viwili vya futi mbili kwa mbili, bati limekaa chini kiasi kwamba nikiingia nainama. Niliogopa wezi, na fundi alijenga alichozoea kujenga. Nikaweka broila 200. Wiki ya tano, siku moja ya Februari ambayo hata makuti ya minazi hayakutikisika, kuku 37 walikufa kati ya saa tisa na magharibi. Waliotangulia ni wale wakubwa, ambao nilishaanza kuwapigia hesabu ya ada ya shule. Nikadhani ni mdondo. Jirani mzoefu akampasua mmoja, akaniwekea kidole kwenye nyama ya kifua: ilikuwa imepauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. "Huyu hakuugua," akaniambia. "Huyu joto limemuua."

Tangu siku ile nimejenga mabanda mengine na kusaidia wenzangu kujenga, Kivule, Kigamboni, hadi Bunju, na nilichojifunza ni kimoja: kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam banda linatakiwa liwe mwavuli, si sanduku. Mwavuli unakinga jua na mvua, upepo unapita. Kusema hivyo ni rahisi. Ugumu unaanza pale mahitaji yanapogongana: unataka upepo lakini hutaki mwizi, unataka ubaridi lakini kifaranga anataka joto, unataka uwazi lakini masika yanakuja na mvua ya ubavuni. Hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye sanduku.

Kuku hatoi jasho

Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi, juu ya joto la mwili wa binadamu. Hana tezi za jasho, na amevaa koti la manyoya asiloweza kulivua. Hewa inayomfaa kuku mkubwa ni ya nyuzi 18 hadi 24. Dar es Salaam mchana wa Januari na Februari hufika nyuzi 31, 32, hata zaidi, na usiku mara nyingi hubaki karibu na 25. Maana yake, katika miezi hiyo kuku wa Dar hapati kabisa hewa iliyo bora kwake, si mchana wala usiku. Banda haliwezi kumpa ubaridi ambao nje haupo. Kazi ya banda ni kuhakikisha kwamba ndani hapazidi nje.

Kuku ana njia mbili za kutoa joto. Ya kwanza ni kavu: joto linatoka kwenye ngozi iliyo wazi, yaani kilemba chekundu, vijinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo, miguu, na ile ngozi ya chini ya mabawa ambayo huifunua anapoyaachia yakae mbali na mwili. Njia hii inafanya kazi vizuri hewa ikiwa inatembea na ikiwa na ubaridi kuliko mwili wake. Hewa ikisimama, joto linabaki limemzunguka kama blanketi.

Ya pili ni kuhema. Anafungua mdomo, koo linacheza haraka haraka, pumzi zinapanda kutoka ishirini au thelathini hivi kwa dakika hadi zaidi ya mia moja na hamsini, na maji yanayokauka kwenye njia ya hewa yanaondoka na joto. Hapa ndipo Dar inapotuumiza. Hewa yetu ya pwani tayari imebeba unyevu mwingi, na hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke mpya kwa urahisi. Mfugaji wa Dodoma, kwenye hewa kavu, anaweza kuwa na joto lilelile la nyuzi 32 na kuku wake wakastahimili vizuri zaidi kuliko wa Mbagala. Na kuku wanaohema ndani ya banda lililofungwa wanaongezeana unyevu: kila pumzi ya mmoja inamharibia mwenzake hewa ya kuhemea.

Kuhema kuna gharama nyingine, ambayo mfugaji wa mayai huiona kwenye trei kabla hajaiona kwa kuku. Kuku akihema sana anatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi mno, kemia ya damu inabadilika, na ile malighafi ya kujengea ganda la yai inapungua. Kuku anakula chokaa ileile ya kwenye chakula, lakini yai linatoka na ganda jepesi, linapasuka mkononi. Wengi hukimbilia kubadilisha chakula. Mimi ninauliza kwanza: hewa ya bandani saa nane mchana ikoje?

Wazee wetu wa pwani na bara walikuwa na kuku wanaoitwa kishingo, wale wenye shingo isiyo na manyoya. Watu wengi huwaona hawapendezi. Kumbe ile shingo tupu ni dirisha la kutolea joto, na kuku mwenye asili hiyo ana manyoya machache mwilini kote. Kama unafuga wa kienyeji kwenye uwanja wenye joto, usimchinje kishingo wa kwanza unayemwona. Mwache awe wa mbegu.

Hesabu ambayo fundi haipigi

Tunalaumu jua, na jua lina sehemu yake, lakini kuku wenyewe ni majiko. Kuku wa nyama wa kilo 2 anatoa joto la wati 10 hadi 15 kwa kuishi tu, kula na kupumua. Chukua 200. Hizo ni wati 2,000 hadi 3,000, sawa na pasi za umeme mbili au tatu zinazowaka chumbani usiku na mchana bila kuzimwa. Uliza kama ungelala kwenye chumba hicho chenye vidirisha viwili.

Ndiyo maana idadi ya kuku ni sehemu ya ramani ya banda, si jambo la kuamua baadaye. Kwa Dar, broila wa kuuza na kilo 2 nisingezidisha 8 kwa mita ya mraba, na kundi litakalofika uzito huo Januari au Februari ningeliweka 7. Kuku wa mayai wa kwenye sakafu, na chotara kama Sasso na Kuroiler, 5 wanatosha. Banda la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24: broila 190 hivi, au chotara 120. Najua vifaranga 50 wa ziada wanavutia pale unapotoa oda. Lakini hao 50 wanakula, wanatoa joto la wati mia tano au zaidi, na siku upepo ukikatika ndio wanaoondoka na wenzao.

Jua linapita wapi, upepo unatoka wapi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Katikati ya hapo, Novemba hadi Februari, jua la saa sita mchana linaegemea kusini kidogo. Juni na Julai linahamia kaskazini. Asubuhi na jioni, mwaka mzima, linakuja chini chini kutoka mashariki na magharibi, na hilo ndilo jua linaloingia bandani hadi kwenye sakafu.

Kwa hiyo banda lilale mashariki kwenda magharibi. Zile pande mbili fupi zitazame jua la asubuhi na la jioni, na hizo uzijenge kwa tofali mpaka juu ukitaka. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na hizo ndizo za kuacha wazi. Paa lichomoze nje ya ukuta mita moja nzima pande zote ndefu. Kwa chomozo la mita moja, jua la saa sita la Desemba linapata kivuli cha zaidi ya mita 3 kwenda chini, yaani haligusi ukuta kabisa. La Juni, lililolala zaidi, linapata kivuli cha mita 1.7 hivi, ambacho kinatosha kufunika karibu wavu wote. Mafundi wengi wanachomoza futi moja kuokoa bati. Usikubali. Futi hizo mbili zinazobaki ndizo zitakazokukinga pia na mvua ya masika.

Kuhusu upepo, sisi tuna bahati ambayo wenzetu wengi hawana. Kaskazi, unaovuma takriban Novemba hadi Machi, unatoka kaskazini mashariki. Kusi, unaoshika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, unatoka kusini mashariki. Banda lililolala mashariki kwa magharibi linaupokea kaskazi kimshazari upande mmoja, na likaupokea kusi kimshazari upande wa pili, bila wewe kubadilisha kitu. Ongeza upepo wa bahari wa alasiri. Mtu aliyeko Kigamboni au Bunju anaupata vizuri. Aliyeko bondeni Kinyerezi, au aliyezungukwa na maghorofa, anapata kiasi kidogo.

Tatizo kubwa la mjini ni ukuta wa fensi. Ukuta wa futi saba unakata upepo kwa umbali wa mara kadhaa ya kimo chake, na watu wanapenda kuegesha banda kwenye kona, pembeni ya choo, ukuta nyuma na ukuta ubavuni. Hapo umejenga sanduku hata kama pande zote ni wavu. Kama kiwanja ni kidogo na huna pa kusogeza, inua sakafu ya banda, au zungumza na jirani uweke kozi chache za tofali za matundu kwenye ukuta ule, upande kaskazi unapotokea. Upana wa banda nao una kikomo: kwa banda la nyumbani lisilo na mashine, usizidi mita 6. Upepo unaoingia upande mmoja unachoka kabla haujatokea upande wa pili, na kuku wa katikati ndio wanaokosa.

Paa

Kama una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, weka kwenye paa. Bati lililochakaa na kushika kutu linaweza kufika nyuzi 60 mchana, na bati la joto hilo halihitaji kukugusa ili likuchome. Linamwaga joto kuelekea chini kama vile jiko la mkaa linavyokupasha uso ukiwa umekaa hatua mbili. Ndicho kile ulichokipima kwa kiganja. Upepo peke yake haulizuii joto la namna hii, kwa sababu halisafiri kwa kubebwa na hewa.

Dawa ya kwanza ni kimo. Ukuta, au nguzo, ufike mita 2.4 kutoka sakafuni mpaka paa linapoanza, yaani futi 8, na mgongo wa paa ufike futi 11. Dawa ya pili ni rangi nyeupe ya mabati juu ya paa. Ni jambo dogo ambalo wafugaji wetu hawalifanyi, na tofauti yake inahisiwa siku hiyohiyo. Wapo wanaopaka chokaa, wakichanganya na chumvi ili ishike. Chokaa yenyewe inasaidia lakini masika inaiosha yote, na chumvi inaliletea bati kutu. Bora ununue rangi, upake Oktoba kabla kiangazi hakijakaza.

Dawa ya tatu ni makuti. Mtu yeyote aliyekaa kwenye banda la makuti ufukweni anajua jinsi kivuli chake kilivyo kizito. Makuti hayahifadhi joto na hayalimwagi chini. Lakini kwa kuku yana matatizo mawili: moto, na wadudu. Papasi na utitiri wanajificha kwenye makuti mchana na kushuka kunyonya kuku usiku, na ukishawapata kwenye paa kuwatoa ni kazi. Njia ninayoipenda ni kuchanganya: bati juu, na chini yake, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kwenda juu, unatandaza mikeka au makuti mapya kwenye papi. Hewa inapita katikati, bati linapoa kwa juu, mkeka unazuia ule mng'ao wa joto. Mikeka ni rahisi kushusha, kuanika juani na kurudisha, au kuichoma ukiona wadudu.

Kwenye mgongo wa paa la pande mbili acha upenyo wa shibiri moja kwa urefu wote, kisha kofia ya bati ikae juu yake kwa kuinuliwa ili mvua isiingie. Hewa moto inapanda, itoke. Nisikudanganye hapa: siku yenye upepo upenyo huu hauna kazi kubwa, kwa sababu upepo unaosafisha banda ni ule unaokata ubavuni. Faida yake ni siku ya shwari, saa tisa alasiri, pale hakuna kingine kinachotembea isipokuwa joto linalotafuta pa kutokea.

Ukuta mfupi, wavu mrefu

Pande ndefu zijengwe kozi mbili za tofali, karibu nusu mita, kisha wavu mpaka juu. Kozi zile mbili zinazuia maji yanayoruka wakati wa mvua, zinazuia maranda yasimwagike nje, na zinakata upepo wa moja kwa moja kwa kuku aliyelala. Wengine wanaweka kozi nne "kwa usalama". Kuku ana kimo cha nusu mita hata hafiki. Ukimjengea ukuta wa mita moja, upepo wote unampita juu ya kichwa na yeye anabaki kwenye dimbwi la hewa iliyokufa.

Sasa mwizi. Hofu hii ni ya kweli, siwezi kumlaumu mtu kwa kuiogopa. Lakini tofali si kinga pekee. Wavu wa kuku wa matundu makubwa mwizi anaukata kwa koleo kwa dakika moja, hilo ni kweli, na panya, kicheche na nyoka wanapita bila hata kuukata. Weka wavu wa kuchomelea wa nusu inchi, na kwa nje yake fito za nondo zilizopishana kwa nafasi ya mkono. Upepo unapita, mwizi hapiti. Gharama yake haiko mbali na ya tofali ulizoziacha, ukijumlisha saruji na ufundi. Mlango uwe wa chuma, na chini ya msingi weka zege, maana kuna wanaochimba.

Mvua unaikabili kwa mapazia. Viroba vya sukari au mchele vilivyoshonwa pamoja vinatosha, na turubai ni bora zaidi. Hapa kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu analikosea: pazia la banda halifungwi juu likashushwa kama la dirishani. Linafungwa chini, kwenye ukuta mfupi, na kuvutwa kwenda juu kwa kamba. Ukifunga nusu, nusu iliyo wazi inakuwa ile ya juu. Hewa moto na harufu vinatokea huko, na upepo wa mvua haumpigi kuku. Ukilishusha kutoka juu unafanya kinyume: unaziba pa kutolea joto na kuacha baridi na matone yampige kuku moja kwa moja.

Na usifunge mapazia usiku wa Januari kwa mazoea. Nimeona hili mara nyingi mno. Mfugaji anafungua mchana, na magharibi anafunga "wasipate baridi". Kuku aliyehema kutwa nzima anategemea usiku kutoa joto alilolilimbikiza. Ukimfungia, anaamka na deni, na siku ya tatu ya joto ndiyo inayommaliza. Mapazia ya usiku ni ya masika, na ya Juni na Julai kwa kuku wadogo.

Kifaranga anataka kinyume

Hapa ndipo wengi wananiuliza: umesema wazi, umesema upepo, na kifaranga je? Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza karibu nyuzi 3 kila wiki mpaka amalize wiki ya nne au ya tano. Jibu ni kwamba usijenge banda zima kwa ajili ya wiki chache za mwanzo. Tenga bruda kwenye kona moja, duara la ubao laini au mabati, kimo cha futi moja na nusu, mapazia ya upande huo yakivutwa juu, na taa au jiko ndani ya duara. Wakikua unalipanua duara, kisha unaliondoa.

Kumbuka pia kwamba mchana wa Februari hewa yenyewe iko nyuzi 32. Kifaranga wa wiki ya pili hahitaji jiko saa nane mchana, na jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa lina hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na mtu anayelala nao. Waangalie walivyokaa. Wakirundikana chini ya taa wana baridi. Wakijipanga kwenye ukingo wa duara, midomo wazi, unawaunguza. Wakitawanyika na kulala kila mmoja alipo, waache.

Sakafu, maji, na kivuli cha nje

Sakafu iinuliwe futi moja juu ya uwanja. Masika ya Dar yanapoingia, maji yanapita pasipo na mfereji, na banda lililo chini linapokea ya mtaa mzima. Maranda au pumba za mpunga zisizidi sentimita 5 wakati wa joto. Godoro nene la maranda linaoza na kuchemka lenyewe kwa ndani, na kuku anayekunywa maji mengi analilowesha haraka. Ukisikia harufu kali machoni unapochuchumaa, geuza kwa reki na uongeze kavu siku hiyo, kwa sababu godoro bichi ndilo chimbuko la kuhara damu.

Maji yana nafasi yake kwenye ramani kama nguzo zilivyo nayo. Kuku wa mayai anakunywa karibu robo lita siku ya kawaida, na kwenye joto kali anaweza kufika maradufu. Lakini hapendi maji moto. Tangi jeusi lililowekwa juu ya paa kwenye jua, na bomba lililolazwa juu ya mchanga, vinampelekea kuku maji ya kuogea. Tangi likae kwenye kivuli cha mti au chini ya kibanda chake, bomba lifukiwe shibiri mbili, na vyombo viwe vya kutosha kuku wote wafike bila kupigana, kwa sababu kuku aliyechoka na joto hasafiri mbali.

Nje ya banda, saruji na mchanga mweupe vinarudisha jua ndani. Acha nyasi fupi. Upande wa magharibi panda mwarobaini au mwembe, uukate matawi ya chini mpaka kimo cha paa, ili ukupe kivuli juu bila kuziba upepo chini. Mti wenye matawi hadi ardhini ni ukuta mwingine.

Kwa mwenye kuku 15 wa kienyeji nyuma ya nyumba, Sinza au Tandika, mambo ni mepesi zaidi. Banda la miguu, limeinuliwa mita moja, sakafu ya fito zilizoachana nafasi ya kidole, wavu pande tatu, paa lenye kivuli. Hewa inapanda kutoka chini, kinyesi kinadondoka chini, na unazoa asubuhi. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu, maana siafu wakilivamia banda usiku mmoja, vifaranga wote watakuwa mifupa kukicha.

Siku upepo unapokatika

Hata banda zuri lina siku yake mbaya. Huwa ni ile siku inayofuata siku mbili za joto, mawingu mazito bila mvua, kaskazi imetulia. Utawaona kuanzia saa saba: midomo wazi, mabawa yameachiwa, wameegemea ukuta, hakuna anayekula. Asubuhi ya siku kama hiyo nyanyua vyombo vya chakula saa nne, kwa sababu tumbo linalosaga chakula linazalisha joto, na kilele chake kinakuja saa kadhaa baada ya kula, yaani kitaangukia palepale kwenye jua kali. Warudishie saa kumi na moja jioni, na kabla ya alfajiri uwape tena huku taa ikiwaka.

Mwagia maji paa kwa nje. Hili linafanya kazi hata kwa unyevu wetu, kwani bati la nyuzi 60 linakausha maji mara moja na kupoa. Usinyunyize ndani ya banda lisilo na upepo. Utaongeza unyevu kwenye hewa ambayo kuku anahangaika kuitumia. Feni ikiwepo, iweke kimo cha goti, ivumishe hewa juu ya migongo ya kuku kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Feni ya darini inashusha hewa moto ya chini ya bati na kuwamwagia. Na usiitegemee feni peke yake, umeme unaweza kukatika saa hiyohiyo. Waliolegea wachukue taratibu mmoja mmoja, uwaloweshe miguu na kichwa kwenye ndoo ya maji ya kawaida, uwalaze kivulini. Tembea kati yao polepole kila nusu saa ili wasimame na kuachia joto lililobanwa chini ya matumbo yao, lakini usiwakimbize, wala usiwakamate kwa ajili ya chanjo siku hiyo.

Jioni ikipoa, wapime wachache. Kama wamefikisha kilo 1.8 na Januari ndiyo kwanza inaanza, mpigie mnunuzi wako achukue theluthi moja ya wakubwa kesho yake alfajiri, saa kumi na moja, kabla jua halijachomoza. Waliobaki watapata nafasi, na zile pasi zinazowaka bandani zitapungua.